Picha za kale za Wamohave: utaitambuaje iliyo yao kweli, ni ya lini, na ipi isibandikwe ukutani

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa kujitolea hapa Phoenix, Arizona, katika kikundi cha vijana wanaozungumza Kiswahili, wengi wazazi wao walitoka Kongo. Tunataka kuandaa maonyesho ya picha za kale za Wamohave na nchi yao ya jangwa, kwa kuwa sehemu ya maji tunayokunywa hapa mjini hutoka mto Colorado, ambao ni wao walioishi kando yake. Nimekusanya picha 30 hivi mtandaoni na kununua kadi 2 za zamani kwenye soko la mitumba. Nyingine zimeandikwa Mohave, nyingine Mojave, nyingine Apache-Mohave. Nitajuaje ipi ni yao kweli na ni ya mwaka gani? Na je, zote zinafaa kuonyeshwa?

Jibu: Mwalimu, umefanya vizuri kuutaja mto, maana ndio utakaokusaidia kuzichambua picha zako zote. Watu hawa hujiita Pipa Aha Macav, yaani watu wa kando ya mto. Nchi yao ni bonde la Colorado pale California, Arizona na Nevada zinapokutana, kisha kusini hadi maeneo ya Parker. Jangwa wanalijua, wasafiri wao walilikata kwa miguu hadi pwani ya Pasifiki kufanya biashara. Lakini chakula chao kilitoka kwenye ukanda mwembamba wa kijani ulio kati ya maji na mchanga. Mwezi wa Mei na Juni theluji ya milima ya Rocky ikiyeyuka, mto ulifurika. Maji yakishuka, watu walitoboa mashimo kwenye tope lenye unyevu wakapanda mahindi, maharage, maboga na matikiti.

Wapiga picha wengi waliotoka nje walipenda kugeuza kamera upande wa mchanga, kwa sababu wanunuzi wa miji ya mashariki walitaka kuona watu wa jangwani. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya kila picha ni hili: mto uko wapi? Ukiukosa, basi ama uko nyuma ya mgongo wa mpiga picha, ama picha ilipigwa studio, ama huyo unayemwona si Mmohave.

Tuanze na majina, kwani hapo ndipo utapunguza rundo lako haraka kuliko mahali pengine popote. Mohave na Mojave ni neno moja. Kaunti ya Arizona huandikwa kwa h, jangwa la California huandikwa kwa j. Kabila lenye makao makuu katika mji wa Needles, California, hujiandika Fort Mojave, na ndugu zao wa Parker, walio ndani ya muungano wa Colorado River Indian Tribes, huandika Mohave. Ukitafuta kwenye hifadhi za picha, andika yote mawili, kisha ongeza Mojaves, Mohaves na Hamakhava, la sivyo utakosa nusu ya mali iliyopo. Lakini Apache-Mohave au Mohave-Apache ni habari nyingine kabisa. Jina hilo walibandikwa Wayavapai, watu wa milima na makorongo ya Arizona ya kati, ambao leo wengine ni majirani zenu wa Fort McDowell. Wayavapai si Waapache wala si Wamohave, ingawa lugha yao iko katika ukoo mmoja na Kimohave. Toa picha zote zenye jina hilo, ziweke kwenye bahasha yake. Usizitupe: zinatosha kuwa maonyesho mengine.

Baada ya hapo tazama mimea, maana mpiga picha anaweza kumvisha mtu apendavyo, lakini hawezi kuotesha mti. Needles iko kwenye mwinuko wa takriban mita 150 juu ya usawa wa bahari. Kando ya mto hapo palikuwa na mipopla mirefu, mierebi, na mesquite wa aina mbili: wenye maganda yaliyonyooka na wenye maganda yaliyojisokota kama parafujo. Huo ni jamii moja na mathenge unaosumbua wafugaji wa Baringo na Turkana. Kwa Wamohave ulikuwa hazina, kwani maganda yake yalitwangwa yakawa unga wa kuliwa mto ulipokosa kufurika. Kulikuwa pia na vichaka vya mashina membamba yaliyonyooka, ambayo walitengenezea mishale, kuta na paa.

Sasa linganisha na miti miwili inayopendwa sana na watengeneza kadi. Saguaro, ile kaktasi ndefu yenye mikono unayoiona hapo Phoenix, ni mmea wa jangwa la Sonora. Katika bonde la Mohave haimo. Mti wa Joshua ndio alama ya jangwa la Mojave, lakini huota kwenye mwinuko, aghalabu juu ya mita 600. Picha ya mwanamke aliyebeba mtungi akiwa na saguaro nyuma yake ama haikupigwa bondeni ama pazia la nyuma limechorwa. Ikiwa na mti wa Joshua, basi ilipigwa mbali na makazi ya mto, na inakupasa kuuliza kwa nini mtu huyo alipelekwa huko.

Milima nayo haidanganyi. Vile vilele vyenye ncha vinavyochomoza angani kama sindano karibu na Topock ndivyo vilivyoupa mji wa Needles jina lake. Kaskazini magharibi upande wa Nevada kuna Avi Kwa Ame, mlima wenye kimo cha mita 1,719, ambao Wamohave na ndugu zao wa ukoo wa lugha moja wanauheshimu kuwa ndiko walikotokea. Fungua ramani ya satelaiti yenye mwonekano wa pande tatu, simama kwenye ukingo wa mto, zungusha hadi mstari wa vilele vya milima ulingane na picha. Ukilingana kinyume, kulia kukiwa kushoto, basi ama mtu aligeuza negativu alipoiskani, ama picha ni ya bati. Picha za bati hutoka moja kwa moja kwenye kamera bila negativu, na zote zimegeuka kama sura kwenye kioo. Vifungo vya shati navyo vitakuambia: shati la kiume la kizungu hufungwa upande wa kushoto juu ya kulia.

Mto wenyewe utakupa mwaka, angalau kwa makadirio. Kabla ya mabwawa ulikuwa mpana, wenye visiwa vya mchanga, kingo zilizomomonyoka na magogo yaliyokwama. Bwawa la Hoover lilizinduliwa 1935, la Parker likakamilika 1938 (ziwa lililo nyuma yake, Havasu, ndiko mfereji wa maji yenu ya Phoenix unakoanzia), na la Davis likamalizika 1951. Baada ya hapo mafuriko ya Mei na Juni yalikoma, na pande za Needles mto ulichimbwa na kunyooshwa kwa mashine. Ukiona kingo zilizonyooka kama mfereji, na vichaka vizito vya tamariski vyenye majani membamba kama unyoya mahali palipokuwa na mipopla, hiyo ni karne ya 20 tena imesonga, hata kama kadi imeandikwa 1890. Daraja la chuma la Red Rock karibu na Topock lilimalizika 1890, na lile la upinde la magari likafunguliwa 1916. Ikiwa mahali ni pale pale lakini daraja halipo, una mpaka wa mwisho: picha ya kale ilipigwa kabla daraja halijajengwa.

Sasa mavazi na vyombo. Mwanamke wa Kimohave katika picha za kati ya karne ya 19 huvaa sketi ya magome ya ndani ya mwerebi, yaliyopasuliwa vipande vyembamba, nyuma ikiwa nene na yenye kupepea. Wanaume wana nywele ndefu zilizosokotwa kamba nyingi zinazoshuka hadi kiunoni, zilizopakwa utomvu wa mesquite na tope. Hii ni alama yenye nguvu, ingawa Waquechan wa kusini nao walikuwa nayo. Nyumba ni za magogo, mashina ya vichaka na tabaka la mchanga juu, na pembeni kuna banda wazi la kivuli. Ghala ni vihenge vikubwa kama kiota cha ndege, vimewekwa juu ya jukwaa. Vyombo ni vya udongo: mitungi, bakuli, vijiko, hata wanasesere wa udongo wenye nywele halisi na shanga. Wamohave walikuwa wafinyanzi. Ukikuta picha ya mwanamke anayesuka kikapu chenye nakshi nyembamba za mzunguko, huyo mara nyingi ni Mchemehuevi, jirani yao mwenye lugha ya ukoo mwingine kabisa.

Reli ilipofika Needles mwaka 1883, kitambaa cha dukani kiliingia kwa wingi. Wanawake walinunua leso za mraba zenye maua na madoa, wakaziunga kwa kuzishona pamoja, wakazitupia mabegani kama shela. Waonyeshe vijana wako picha hizi kwanza, kisha waambie habari ya leso zetu: katika miaka hiyo hiyo ya mwisho wa karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa nao walikuwa wakiunga leso za mraba za dukani kupata nguo moja, na ndiko jina leso lilikotoka. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Viwanda viliuza vitambaa vya aina moja pande zote za dunia, na wanawake wakafanya maamuzi yao. Katika kutarehesha, shela ya leso inaashiria kipindi cha baada ya reli.

Vivyo hivyo ile kola pana ya shanga, iliyosukwa kama wavu ikafunika mabega na kifua. Hii ndiyo kazi ya mikono iliyowapatia jina, na ilisukwa zaidi kwa shanga za kioo za bluu na nyeupe. Hapa pana jambo linalowapotosha hata wenye uzoefu. Bamba za kolodioni, yaani vioo vya kupigia picha vilivyopakwa dawa na kutumika vikiwa bichi hadi karibu 1880, na bamba kavu za mwanzo zilizozifuata, zilihisi mwanga wa bluu kwa nguvu na karibu hazikuhisi nyekundu kabisa. Bluu ilitoka nyeupe. Nyekundu ilitoka nyeusi. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, iweke juu ya kola katika picha ya miaka hiyo. Utaona wavu mmoja mweupe, nakshi zimefifia kabisa, na hapo macho yatakuambia kuwa shanga zote zilikuwa nyeupe. Angalia tena kwa mwanga wa pembeni: mara nyingine tofauti ndogo ya kijivu hubaki kwenye vivuli, chini ya kidevu au chini ya mkono, na hapo utaokota pembetatu au ngazi za nakshi. Rangi nyekundu ya usoni nayo hutoka kama wino mweusi, na anga huwa tupu kama karatasi. Watazamaji wengi hudhani anga la jangwani ndivyo lilivyo. Hapana, ni bamba lililochomwa na bluu.

Kwa sababu hiyo nakusihi usibandike picha zilizotiwa rangi na programu za kompyuta. Programu hupokea nyeupe ikaacha nyeupe, hupokea nyeusi ikapaka kahawia. Shanga za bluu hupotea, rangi nyekundu ya uso inageuka uchafu, na mto uliokuwa mwekundu kwa tope unakuwa wa samawati kama wa kwenye tangazo la utalii. Mtoto ataondoka na picha ya kitu ambacho hakikuwepo.

Sasa wapiga picha na wachoraji wenyewe, kwa mpangilio wa miaka.

Kabla ya kamera kuna michoro. Msafara wa uchunguzi wa Sitgreaves, afisa wa jeshi la Marekani, wa 1851 ulikuwa na mchoraji Richard Kern. Ule wa Whipple wa 1853 na 1854 ulikuwa na Mjerumani Balduin Möllhausen. Na msafara wa Luteni Ives, uliopanda Colorado kwa meli ndogo ya mvuke Explorer mwaka 1857 na 1858, ulimchukua tena Möllhausen pamoja na F. W. von Egloffstein. Michoro hii ilipita mikono miwili mitatu kabla ya kufika kitabuni: aliyechora safarini, aliyechora upya mjini, aliyechonga bamba au jiwe la kuchapia. Ndiyo maana wanaume wa Kimohave katika chapa hizo wana misuli ya sanamu za Kigiriki, na korongo za Egloffstein zimebana na kutisha kuliko zilivyo. Zitumie kwa vitu ambavyo mchongaji hakuwa na sababu ya kubuni: mistari ya rangi mwilini, umbo la sketi, rungu, jinsi mtoto anavyobebwa. Usizitumie kupima kimo cha mlima.

Kuna kiongozi mmoja utakayekutana naye sana, Irataba, aliyewaongoza Whipple na Ives njiani, akasafiri hadi Washington mwaka 1864 na kukutana na Rais Lincoln. Gazeti la Harper's Weekly lilichapa sura yake mwaka huo. Aliishi hadi 1874.

Picha moja inayozunguka sana mtandaoni si ya Mmohave. Ni ya Olive Oatman, msichana Mzungu ambaye familia yake iliuawa mwaka 1851 na watu wa kabila jingine. Baadaye alikaa na Wamohave hadi 1856, na sura yake yenye mistari ya tatuu kidevuni iliuzwa sana. Maelezo mengi husema alichanjwa kama mtumwa. Hiyo si haki kwa waliomchanja: wanawake wa Kimohave kwa kawaida walikuwa na tatuu za kidevu, na imani yao ilikuwa kwamba asiye na alama hatapokelewa katika nchi ya wafu. Kama utaiweka picha hiyo, iweke pembeni ya picha ya mwanamke wa Kimohave mwenye alama zilezile, ili watazamaji waone desturi nzima.

Kamera yenye matokeo makubwa ilikuja na Timothy O'Sullivan. Septemba 1871 kikosi cha Luteni George Wheeler kiliondoka kambi ya jeshi ya Camp Mohave kupanda mto kwa mashua, Wamohave kadhaa wakiwa kati ya waliovuta na kupiga makasia. O'Sullivan alikuwa na mashua yake iliyobeba chumba cha giza. Kolodioni haina subira: bamba la kioo hupakwa dawa, huingizwa kwenye kamera likiwa bichi na kusafishwa kabla halijakauka, na katika joto lile dakika zilikuwa chache kuliko mjini. Kila picha ilihitaji aliyepigwa atulie kwa sekunde kadhaa. Ukijua hilo, utaisoma tofauti kadi yake ya Panambona na Mitiwara, ambayo maelezo yake yanadai walikutwa wamesinzia. Hakuna aliyekutwa. Kamera ilisimikwa, bamba likaandaliwa, vijana wawili wakaambiwa walale na wasitikisike. Maiman, mwongozaji na mkalimani, anaonekana katika picha nyingine ya safari hiyohiyo, na hapo unaona mtu aliyekubali kupigwa picha kwa jina lake. Kwa maoni yetu, ukipaswa kuchagua picha 5 tu za karne ya 19, 3 zitoke hapa.

Baada ya reli mambo yanachafuka. Ben Wittick, aliyefanya kazi kando ya njia ya Atlantic and Pacific, alitumia mapazia yaliyochorwa na vifaa vya studio. Angalia sakafu: zulia lenye kingo, mchanga uliomwagwa kwenye ubao, jiwe lililo jepesi mno kwa ukubwa wake. Upinde ule ule au ngozi ile ile ikijitokeza kwenye picha za makabila matatu, ni mali ya studio. Mjini Los Angeles, C. C. Pierce alikusanya negativu za watu wengine, George Wharton James akiwemo, na mara nyingi akaziuza kwa jina lake. Mkusanyiko huo sasa uko katika maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California, na humo mna picha nzuri za Wamohave: nyumba, vihenge, wanawake wakiuza shanga na vyungu kwa abiria wa treni. Tarehe nyingi zimeandikwa kuwa za karibu na 1900. Iandike vivyo hivyo, pamoja na neno karibu. Ukiliondoa, umegeuza makisio ya mkutubi kuwa ushahidi.

Edward Curtis ndiye atakayewavutia vijana wako. Picha yake ya msichana aitwaye Mosa, ya 1903, mwenye michoro usoni na shanga nyingi shingoni, ni ya kumsimamisha mtu. Juzuu la pili la kazi yake, la 1908, ndilo lenye Wamohave, na ndilo lenye Wayavapai kwa jina la Apache-Mohave, kwa hiyo soma jina chini ya kila picha. Curtis alikuwa na tabia ya kuondoa dalili za maisha ya wakati wake ili watu waonekane wa kale. Mwaka huo wa 1903 watoto wa Kimohave walikuwa wanavaa sare katika shule ya bweni ya Fort Mojave, iliyofunguliwa 1890 katika majengo ya ngome ya zamani na kufungwa 1931. Weka Mosa na picha ya shule kwenye ukuta mmoja, usawa mmoja wa macho. Picha za mwanaanthropolojia Alfred Kroeber, zilizo Berkeley, hazina uzuri wa Curtis. Sura zimekunja uso kwa jua, lakini zinaonyesha watu katika mazingira yao ya kila siku, na kwa kazi yako ni za thamani kubwa.

Kadi zako 2 za sokoni: zipime kabla hujaziamini. Kadi ya picha pacha, ya kutazamwa kwa kifaa cha macho mawili, ni takriban sentimita 9 kwa 18. Zenye pembe kali na bapa ni za mwanzo. Pembe za mviringo zilienea baada ya miaka ya 1860, na kadi zilizopinda kidogo zilianza karibu 1880. Karatasi ya ute wa yai, yaani karatasi ya picha ya zamani iliyopakwa ute wa yai, ni nyembamba sana, imebandikwa juu ya kadi, ina rangi ya kahawia ya zambarau na manjano kwenye sehemu nyeupe. Iweke chini ya ile lenzi ya mara 10. Ukiona vidoti vilivyopangwa kwa safu, ni chapa ya mashine ya magazeti. Ukiona chembechembe zisizo na mpangilio na wino uliozama kwenye karatasi, huenda ni fotogravu, yaani picha iliyochapwa kwa wino kutoka bamba la chuma lililochongwa. Ukiona nyuzi za karatasi chini ya ngozi laini yenye nyufa ndogo sana, hiyo ni chapa ya ute wa yai. Kisha zima taa umulike kwa tochi ya mwanga wa urujuani: karatasi inayong'aa bluu kali ina viangaza ambavyo viliingia kwenye karatasi katika miaka ya 1950, kwa hiyo ni nakala. Kama ni postikadi ya Marekani, igeuze. Mgongo uliogawanywa sehemu mbili, anwani na barua, uliruhusiwa kuanzia Machi 1907.

Usiifute kadi kwa kitambaa chenye maji. Ute wa yai huvimba na kupasuka. Vumbi liondoe kwa brashi laini kavu, ukianzia katikati kwenda nje. Usiifungie kwenye plastiki ya dukani yenye harufu kali. Na usiitundike ukutani yenyewe: mwanga ukishaharibu tabaka la juu la picha, haliwezi kurudishwa. Skani, chapa nakala, itundike nakala. Kila picha kwenye kadi pacha ina upana wa sentimita 7.5 hivi, ukiskani kwa dpi (nukta kwa kila inchi) 1,200 utapata pikseli 3,500, zinazotosha kuchapa upana wa sentimita 30 kwa dpi 300. Ukiskani kwa dpi 300, utaishia na picha ya ukubwa ule ule wa kadi, na ukiikuza nyuso zitakuwa ukungu. Hifadhi faili ya TIFF isiyoguswa, na skani mgongo wa kadi pia, kwani huko ndiko kuna mhuri na mwandiko.

Kwa picha za mtandaoni, rudi kwenye hifadhi asili: Maktaba ya Bunge la Marekani ina O'Sullivan na Curtis kwa ubora wa juu, bure. Kazi zilizochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita hazina tena hakimiliki. Hiyo ni ruhusa ya sheria. Ruhusa ya wenyewe ni jambo jingine, na ndiyo inayonipeleka kwenye sehemu ya mwisho ya swali lako.

Wamohave huchoma maiti, na mali ya marehemu huchomwa pamoja naye. Kwa desturi, jina lake halitajwi tena. Weka mizani hiyo mbele ya picha zako. Picha yoyote ya moto wa kuchomea maiti, ya mwili, au ya watu katika maombolezo, iondoe, hata kama iko kwenye tovuti ya chuo kikuu kikubwa. Picha za wasichana waliovuliwa nguo za juu wakapangwa mbele ya pazia la studio, ziondoe pia. Zilitengenezwa kwa soko la wanaume wa mbali, na mzazi yeyote wa kikundi chenu atalielewa hilo bila kuelezwa. Majina ni magumu zaidi. Kuandika "mwanamke wa Kimohave" kunamfuta mtu. Kuandika jina lake kunaweza kumuumiza mjukuu wake. Majina ya viongozi kama Irataba jamii yenyewe inayatumia hadharani. Kwa mengine, uliza kwanza. Kutoka Phoenix hadi Parker ni kilomita 240 hivi, na Colorado River Indian Tribes wana jumba la makumbusho huko. Upande wa Fort Mojave kuna AhaMakav Cultural Society. Waandikie mapema, ambatanisha orodha yenye picha ndogo na chanzo cha kila moja, uliza maswali mawili tu: ipi isionyeshwe, na ipi ina maelezo yasiyo sahihi. Wape wiki 6 kabla ya kuchapa. Wakisema picha fulani iondoke, iondoe bila kudai sababu.

Maelezo ya chini ya kila picha yaandike kwa mpangilio mmoja: kinachoonekana, mahali, aliyepiga, mwaka, aina ya chapa, hifadhi, kisha sentensi moja ya kile ambacho picha haionyeshi. Mfano: "Black Canyon, mto Colorado, kutoka Kambi ya 8, kamera ikitazama juu ya mto. Timothy O'Sullivan, 1871. Chapa ya ute wa yai kutoka bamba la kolodioni. Maktaba ya Bunge la Marekani. Maji yanaonekana laini kama kioo kwa sababu kamera ilibaki wazi kwa sekunde kadhaa. Mto wenyewe ulikuwa ukienda kasi, na Wamohave walikuwa miongoni mwa waliozivuta mashua kuupanda. Bwawa la Hoover lilijengwa baadaye ndani ya korongo hili." Maneno ya asili ya kadi, kama yale ya waliodaiwa kusinzia, yaweke ndani ya alama za kunukuu, ili watazamaji wajue ni maneno ya muuzaji na si yenu.